Jinsi ya Kusuka Riwaya kwa Mnyororo wa Sababu na Matokeo

Karibu, mtazamaji. Katika video hii, tunayoirekodi hapa Kisumu, tutapanga msuko wa riwaya kwa kuhakikisha kwamba kila tukio limezaliwa na lililolitangulia. Tayarisha kalamu na kadi tupu, au ukate karatasi za daftari vipande vipande.

Hatua ya kwanza ni kuandika tukio la mwisho. Anayeanzia sura ya kwanza huvutwa na kila wazo zuri linalopita, ilhali anayeujua mwisho hutafuta tu kilichouleta. Mfano wetu ni huu: Atieno, mhusika wa kubuni anayeuza samaki katika ufuo wa Dunga, anamuuzia baba yake mdogo mashua aliyoachiwa na marehemu babake. Weka kadi hiyo upande wa kulia kabisa wa meza.

Hatua ya pili, uliza kwa nini, ukirudi kushoto kadi moja moja. Anauza mashua kwa sababu chama cha akina mama kinamdai. Kinamdai kwa sababu yeye, akiwa mweka hazina, alitumia akiba yao kulipa karo ya mdogo wake kabla ya muhula wa pili kufunguliwa. Hakuwa na karo kwa sababu gugumaji lilisukumwa na upepo likaziba ufuo, mashua zikashindwa kutoka, naye akakosa mbuta na ngege wa kuuza. Na kwa kuwa ni Aprili, uvuvi wa omena nao umepigwa marufuku hadi mwisho wa Julai.

Simamisha video uutazame mnyororo huo, maana una kasoro. Gugumaji liliwapata wachuuzi wote wa Dunga, lakini ni Atieno pekee aliyegusa akiba ya chama. Wenzake waliuza kuku, walikopa kwa jamaa, au walimwomba mwalimu mkuu awape muda. Yeye pia angeweza kumwendea baba yake mdogo, ila anajua kwamba mzee huyo ameimezea mate ile mashua tangu matanga, na kwamba akikopa kwake atakuwa ameiweka rehani. Sasa tumepata kadi mpya, nayo kwa maoni yangu inazipita zote: Atieno anakataa kumwomba baba yake mdogo. Iingize kati ya gugumaji na akiba. Kila unapoona mazingira yakimsukuma mhusika moja kwa moja hadi kwenye tendo, weka hapo kadi ya uamuzi, kwa sababu shida huwapata wengi, na namna mtu anavyoikabili ndiyo inayomtofautisha na jirani yake. Tazama pia faida ambayo hatukuitafuta: mashua aliyokataa kuiweka rehani kwa mzee yule ndiyo anayolazimika kumuuzia.

Hatua ya tatu, soma kadi kwa sauti kuanzia kushoto, ukitia "kwa hiyo" au "lakini" kati ya kila mbili. Ikiwa panakubali "kisha" pekee, kiungo hakipo. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunapaswa kuwa waangalifu zaidi, kwa sababu kiambishi -ka- hufuatanisha matukio kwa ulaini unaoweza kumdanganya hata mwandishi mwenyewe. "Akaamka, akaenda sokoni Kibuye, akakutana na mwalimu, akalia" husikika kama kisa kilichosukwa, ilhali hakuna tendo hata moja hapo lililosababisha jingine.

Hatua ya nne ni fupi: ondoa kadi moja, na ikiwa zinazofuata zinasimama vilevile, itupe. Safari ya Atieno kwenda harusini Nakuru inaweza kuwa na maelezo ya kupendeza ya ziwa na heroe wake, lakini isipomletea deni wala kumfichulia siri, haina nafasi.

Hatua ya tano inahusu sadfa. Upepo hugeuka bila kumuuliza mtu, na gugumaji likaondoka. Ukiugeuza kabla tu ya kikao cha chama, Atieno akapata samaki tele na kurudisha fedha, utakuwa umemwokoa kwa bahati, na msomaji atahisi amepunjwa. Ugeuze siku inayofuata baada ya yeye kuitoa ile akiba, naye atafika ufuoni na kukuta mashua zikitoka. Sadfa ni ileile, lakini sasa inamzidishia mzigo badala ya kumtua, na hiyo ndiyo sadfa ninayoikubali.

Hatua ya mwisho, andika nambari nyuma ya kila kadi kwa mfuatano wa kutokea, kisha uzipange upya kwa mfuatano wa kusimulia. Unaweza kuanzia kwenye kikao, wanachama wakidai hesabu, na kuileta kadi ya kumkataa baba mdogo katika sura ya saba kwa mbinu rejeshi, yaani kwa kurudi nyuma kusimulia yaliyotangulia, ili msomaji aone matokeo kabla ya sababu na taharuki imvute. Nambari zisifutwe, kila unapohamisha kadi, zikague, uhakikishe kwamba hakuna mhusika anayezungumzia jambo ambalo, kwa mfuatano wa nambari hizo, bado halijatokea.