Ukishapiga Picha, Nani Analipa Fundi?
(Mhadhara kwa wafanyabiashara, Moshi)

Wazee wangu shikamooni, na wengine wote habari za jioni. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie jinsi kampuni zinavyoweza kuchangia huduma za wazee na watu wenye ulemavu. Nitaongea hela, maana humu ndani wote ni watu wa hesabu.

Kalenda ya misaada mnaijua. Oktoba 1 ni Siku ya Wazee, Desemba 3 Siku ya Watu Wenye Ulemavu. Siku hizo mchele na blanketi vinamwagika, bango linatundikwa, picha zinapigwa. Sina ugomvi na blanketi. Kibosho, huko juu mlimani, mwezi wa saba kuna baridi ya kweli. Lakini Februari je? Nani anampa nauli ya bodaboda mhudumu anayepanda mlimani kumgeuza mzee aliyepooza, ambaye watoto wake wote wako Dar?

Chukueni kiti mwendo, ndiyo zawadi mnayoipenda. Kinachotolewa mara nyingi ni kile cha hospitali, chenye magurudumu madogo mbele, cha kutembelea kwenye vigae. Kipelekeni Uru wakati wa masika. Magurudumu yanazama kwenye tope, msukumaji anakigeuza na kukivuta kinyumenyume, na mama aliyekaa anabaki anaangalia alikotoka. Mto wake ni sponji nyembamba. Ikishalala bapa, mtu asiyehisi makalio yake anachubuka bila kujua, na kidonda cha namna hiyo kinaweza kuua. Tairi ikipasuka, saizi yake haipo dukani. Basi kiti kinahamia nyuma ya banda la ng'ombe, kuku wanapata pa kulala.

Na hapo hospitali ya KCMC tunao TATCOT, chuo kilichoanza 1981, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo, wakiwemo wanaotoka nchi nyingine za Afrika. Utaalamu tunao hapa hapa mjini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtu apimwe, kiti kirekebishwe kimkae, yeye na familia wafundishwe, kisha afuatiliwe. Kwa hiyo mwenye bajeti ya viti kumi anunue sita. Kinachobaki kiende kwenye vipimo, mito ya maana, tairi za saizi ya baiskeli, na fundi. Kwenye picha viti vitaonekana vichache, najua, na mtu wenu wa masoko atanuna.

Upande wa kodi, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani iliyotambuliwa kupunguzwa kwenye mapato ya biashara, mpaka 2% ya mapato hayo. Mhasibu wako analijua hilo. Kama halijui, ni shida nyingine.

Kuna jambo ambalo halihitaji hata mchango. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na wenye ulemavu wasiopungua 3%. Kwenye watu 100 ni watatu tu, na bado mtaniambia hawapatikani! Nendeni Arusha mkaione karakana ya Shanga: watu wenye ulemavu wanatunga shanga na kupuliza vioo vya chupa zilizotumika, watalii wananunua.

Suala la wazee ndilo gumu zaidi. Zanzibar inawalipa pensheni wenye miaka 70 na zaidi tangu 2016, wawe waliajiriwa au la. Bara hatujafika huko. Hapa ndipo kiasi kidogo cha kila mwezi kutoka kwa kampuni, kwa mkataba wa miaka mitatu, kinapozidi lori la unga la mara moja, kwa sababu mhudumu anaweza kupanga ratiba na asiache kazi.

Anayetaka kuanza asije kwangu. Aende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, aulize kata gani haina mhudumu, na amwachie mhasibu wake namba ya simu ya afisa huyo. Sasa maswali, tuanze na meza ya nyuma.