Kuchaji Betri za Nyumbani kwa Jenereta Ndogo

Ndugu zangu, tuchukue nyumba yenye betri mbili za asidi za volti 12, ampea-saa 100 kila moja, zimefungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Umeme umekatika tangu jana, betri zimetumika nusu. Tunadaiwa ampea-saa 100.

Wengi huanzia kwenye matundu ya DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) ya volti 12 yaliyo usoni mwa jenereta. Yaacheni. Hutoa ampea 8 hivi, maana yake zaidi ya saa 12 za petroli, tena hakuna kinachosimamia volti. Tumieni upande wa AC, yaani soketi za umeme kama wa ukutani, upitie kwenye chaja au inveta yenye chaja ndani.

Na hapo ndipo penye kazi. Jenereta iliyoandikwa wati 950 kwa kawaida hubeba kama 650 za kudumu. Zile 950 ni za muda mfupi tu. Inveta ikiwa imepangwa kuchaji kwa ampea 60, hizo kwa volti 14.4 ni wati 864, na hujahesabu zinazopotea njiani. Utasikia injini inazama, mlio unakuwa mzito, halafu rilei, yaani swichi inayojiwasha na kujizima, ndani ya inveta inalia "tak": imekataa umeme. Injini inachangamka, inveta inaupokea tena, inazama tena. Watu hukimbilia kusema inveta mbovu. Ni nzima! Ingia kwenye mipangilio, shusha mkondo wa kuchaji hadi ampea 20, sehemu moja ya kumi ya ampea-saa 200, kiasi ambacho betri ya asidi inakipenda. Betri itapokea wati 288, jenereta itatoa kama 340. Usiione nafasi iliyobaki ni ya bure, kwani chaja nyingi huvuta umeme kwa mapigo, na kila pigo huzidi wastani huo. Ikikataa bado, hamisha mpangilio wa umeme unaoingia kutoka UPS (hali ya kompyuta) kwenda APL (hali ya vifaa vya kawaida vya nyumbani). Inveta nyingi hapo huvumilia volti zinazopanda na kushuka.

Jenereta iwake dakika 3 bila mzigo, ndipo uchomeke.

Baada ya saa 3 betri zimefika karibu asilimia 80. Zima. Kuanzia hapo betri ya asidi hupunguza yenyewe mkondo inaoupokea, na asilimia 20 za mwisho zaweza kula saa 4 huku injini ikiunguruma kwa wati chache. Malizia kwa sola, au kwa umeme wa TANESCO ukirudi, lakini usichelewe: ikikaa bila kujaa, sahani zake huganda salfeti, chumvi ngumu ya risasi. Betri ya lithiamu hupokea ampea zile zile karibu hadi mwisho.

Jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Na ule waya wenye plagi ya kiume ncha zote mbili, wa kuingizia umeme kupitia soketi ya ukutani, ukateni leo. Pini zake zilizo wazi zina volti 230, na umeme huo waweza kurudi hadi kwenye nguzo alipopanda fundi wa laini. Chaja ichomekwe kwenye jenereta yenyewe, kwa waya wa milimita za mraba 2.5 uliokunjuliwa wote. Ukiachwa umeviringwa, hupata moto.