Faili za Dampu: Zisome Kwanza, Kisha Uzifute

Ndugu wasimamizi wa maabara za kompyuta, walimu wenzangu, shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za asubuhi.

Leo sitagusa picha na video zinazojaza diski. Hizo kila mtu anaziona na anajua la kuzifanya. Nimekuja kuzungumzia faili ambazo hakuna kati yetu aliyeziweka, nazo zinakula nafasi kwenye diski C. Ni faili za dampu, yaani nakala za memori ambazo Windows huandika inapopata hitilafu. Kwenye laptopu yenye diski ya GB 128 hizi si za kupuuza hata kidogo.

Zinatoka wapi? Windows ikipatwa na hitilafu ambayo haiwezi kuimudu, inasimamisha kila kitu na kuleta ile skrini ya bluu (kwenye Windows 11 za karibuni ni nyeusi). Chini ya maandishi mnaona asilimia zinapanda. Hapo wengi hukimbilia kitufe cha kuzima. Naombeni msubiri! Wakati ule mfumo unanakili yaliyomo kwenye memori ili baadaye mtu aweze kujua kilichouangusha. Kwa kawaida hauyaandiki kwenye faili mpya, maana mfumo ulioanguka hauwezi kuaminika kutengeneza faili salama. Unayaandika ndani ya pagefile.sys, faili ambayo Windows huitumia kama memori ya ziada na ambayo nafasi yake kwenye diski ilishatengwa zamani. Kompyuta ikiwaka tena, ndipo yanahamishiwa kwenye faili iitwayo MEMORY.DMP, ndani ya folda ya Windows. Ukiizima katikati, ushahidi umepotea. Na kwa sababu hiyo hiyo, asije mtu akahangaika kuifuta pagefile.sys akidhani ni takataka.

Ukubwa unategemea aina. Dampu ndogo mara nyingi ni kilobaiti mia kadhaa au MB chache tu, nazo hukaa kwenye folda ya Minidump, moja kwa kila anguko. Dampu ya kerneli, yaani ya kiini cha Windows, inaweza kufika GB kadhaa. Dampu kamili hubeba memori yote: mashine yenye RAM ya GB 16 itaacha faili ya karibu GB 16. Afadhali MEMORY.DMP mpya hufuta ya zamani, isipokuwa kama kuna aliyebadilisha mpangilio huo. Mimi huangalia zaidi folda ya LiveKernelReports, nayo imo ndani ya Windows. Humo huandikwa matatizo ambayo mfumo uliyamudu bila kuanguka, kwa mfano draiva ya skrini (programu inayoiendesha) iliyokwama ikajirudisha. Hamkuona skrini ya bluu, lakini faili ipo, na huenda ni kubwa.

Sasa, swali langu la kwanza kabla ya kufuta chochote: mashine hii bado inaanguka? Kama inaanguka, nakili dampu uiweke kwenye flashi, kisha uifungue kwa WinDbg, programu ya bure ya Microsoft. Ukiandika amri !analyze -v, mara nyingi itakutajia draiva ya kuanza kuishuku. Nimeona mafundi wakibadilisha RAM, kisha diski, kwa kubahatisha tu, na hilo linaniuma, kwa sababu fedha ya shule inateketea huku maelezo yapo ndani ya mashine ile ile.

Kama mashine imetulia, futa bila woga. Ingia Mipangilio, Mfumo, Hifadhi, kisha faili za muda. Au fungua Disk Cleanup na ubonyeze kitufe cha kusafisha faili za mfumo. Usipokibonyeza, dampu za mfumo hutaziona. Kwenye ile orodha ya Mipangilio, chunga sana kisanduku cha Downloads. Hicho hakihusiani na dampu, na ukikiwekea alama utafuta kazi za watu.

Kuna jambo jingine, na kwangu lina uzito kuliko nafasi. Dampu ni nakala ya memori, na memori hubeba nywila, barua, na majina ya wanafunzi yaliyokuwa yamefunguliwa dakika ile. Septemba 2023 Microsoft wenyewe walieleza kwamba huenda ufunguo wao wa siri, uliotumiwa na wadukuzi kusoma barua pepe za maofisa wa Marekani, ulitoka kupitia faili ya dampu. Machi 2024 wakarekebisha maelezo yao: faili yenye ufunguo huo hawajaipata. Hata hivyo, kampuni yenyewe iliona njia hiyo inawezekana. Kwa hiyo dampu kamili usiitume kwenye kundi la WhatsApp kuomba msaada, wala usiiache kwenye mashine inayouzwa.

Kwa maabara zetu napendekeza dampu ndogo, ambayo mara nyingi inatosha kumtaja mshukiwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, kisha nenda kwenye ukurasa wa mipangilio ya juu (Advanced), sehemu ya kuwasha na kuokoa mfumo (Startup and Recovery). Washeni mashine zilizo mbele yenu, tuanze kwa kuangalia kuna nini kwenye folda ya Minidump.