Kwa nini siuzi masweta ninayofuma

Assalamu alaikum, na habari za huko nyumbani, ndugu zangu wa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, Nachingwea na kwingineko mnakonitazama. Video ya leo nimeirekodi kwa sababu ya swali ambalo linaletwa chini ya karibu kila video ninayoweka, nalo huja kwa sura mbili. Wapo wanaouliza kama huku Uingereza nina kazi kweli, maana kila wanaponiona nimekaa kitini, sindano za kufumia zipo mkononi na kikombe cha chai kipo pembeni. Wapo pia wanaouliza kwa nini siyauzi masweta hayo nikapata fedha za kujengea nyumba. Najua kwamba nikijibu, baadhi yenu mtasema najisifu, na nikitaja gharama, wengine mtasema nalalamika ilhali nimeshafika Ulaya. Naomba mnisikilize kwanza. Ninayoyasema ni ya kwangu mimi, kwa kazi yangu, viza yangu na mji ninaoishi, na mwenzangu aliyeko London au Leicester anaweza kuwa na hesabu nyingine kabisa.

Kazi ninayo. Ninahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee hapa Bradford, kwa zamu, na zamu nyingine ni za usiku. Kazini sirekodi, kwa sababu kanuni haziruhusu kamera mbele ya wazee, na hata zingeruhusu nisingethubutu, kwa heshima yao. Mnachokiona ni siku zangu za mapumziko peke yake, zikiwa zimeunganishwa moja baada ya nyingine, ndiyo maana inaonekana kana kwamba wiki nzima napitisha kwa uzi na chai.

Wiki hii, kwa mfano, nilianza sweta jipya, na kabla ya sweta hutangulia kipande cha majaribio. Kina mama wengi wa kwetu wanajua kufuma vitambaa vya makochi kwa kroshia, na mimi pia nilianzia hapo, kwa shangazi yangu pale Mikindani. Kitambaa cha kochi kikizidi vidole viwili hakuna atakayekidai, lakini sweta linavaliwa na mwili wenye vipimo. Uzi wa unene wa kati, ule unaoandikwa DK kwenye karatasi yake, ukifumwa kwa sindano za milimita 4 hutoa kwa kawaida vitanzi 22 na mistari kati ya 28 na 30 katika mraba wa sentimita 10. Mkono wangu unabana, kwa hiyo mimi hupata vitanzi 24 mahali pale pale. Vitanzi viwili vinaonekana vichache, lakini sweta lililokusudiwa kifua cha sentimita 100 huanzishwa kwa vitanzi 220, na kwa mkono wangu vitanzi hivyo 220 havifiki hata sentimita 92. Dawa yake ni kuhamia sindano za milimita 4.5 na kupima upya. Kipande chenyewe lazima kioshwe kwa maji ya vuguvugu, kikandamizwe ndani ya taulo bila kusokotwa, kisha kitandazwe, kwa kuwa sufu hutanuka au hujikunja ikilowa, na kipimo cha kweli ni kile cha baada ya kukauka. Katika chumba ambacho sithubutu kuwasha hita mchana kutwa kwa sababu ya bili, kipande hicho hakikauki haraka, na hapo ndipo mnaponiona nimekaa na chai. Nasubiri sufu ikauke.

Kuhusu chai nitasema machache, maana mmeshaniona nikiipika. Naiunga kwa tangawizi, iliki na mdalasini, na majani ninayotumia niliyabeba kutoka nyumbani. Wenzangu kazini hutumbukiza kifuko kwenye maji ya moto, wakaongeza maziwa, na wanaona yangu ni mchuzi. Tumekubaliana kila mtu anywe yake.

Chakula ndicho kinachonikumbusha zaidi kwamba dunia inazunguka kwa namna ya ajabu. Siku ya mapumziko katikati ya wiki nilipika mbaazi za nazi na wali. Tui ni la kopo, kwa sababu nazi nzima hapa ni ghali na mara nyingi ukiipasua unakuta imeoza. Mbaazi nazinunua kwenye maduka ya Waasia, tayari zimekobolewa na kuparazwa. Sina haja ya kuwakumbusha watu wa Lindi na Mtwara mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi za kutoka nje na bei yetu ikaporomoka mpaka watu wakaziacha shambani. Mimi husimama dukani, nikaushika ule mfuko, nikasoma bei yake, na nikawakumbuka waliokuwa wanalima kwa jembe la mkono. Ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoila kwetu kusini, sijaiona popote. Yeyote atakayenielekeza inakopatikana katika nchi hii nitamshukuru sana.

Sasa niingie kwenye swali la kuuza, na nianze na karatasi, kwa sababu ndizo zinazonifunga kwanza. Viza yangu imefungamana na mwajiri aliyenidhamini. Kazi ya ziada inaruhusiwa hadi saa 20 kwa wiki, lakini katika aina za kazi zilizoainishwa, na kwa ninavyoyaelewa masharti yangu, kufungua meza ya masweta sokoni hakumo. Watu huniambia kwamba serikali inamruhusu mtu kuingiza hadi paundi 1,000 kwa mwaka wa kodi kutokana na biashara ndogo bila kujisajili. Ni kweli, lakini hiyo ni kanuni ya kodi, na kanuni ya kodi haifuti sharti la viza. Mwajiri akiniondoa, nitakuwa na siku 60 za kutafuta mdhamini mwingine au kuondoka. Siwezi kuiweka rehani kazi inayomlisha mwanangu kwa ajili ya sweta moja.

Na kwa kuwa nimegusa karatasi, niseme jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu. Kadi za plastiki za ukaazi zilifikia kikomo Desemba 31, 2024, na sasa kila kitu kipo mtandaoni. Ukitaka kupanga nyumba, unaingia kwenye akaunti yako, unapewa namba ya siri inayodumu siku 90, na mwenye nyumba anaitumia kuthibitisha haki yako ya kuishi hapa. Utaratibu huo umewekwa na serikali yenyewe. Lakini wakala mmoja wa nyumba alinitazama usoni, akaniambia bila kadi hanipi funguo, na chumba kikaenda kwa mwingine huku namba yangu ikiwa mkononi mwake. Nilipoeleza kisa hicho kwenye video iliyopita, mtu mmoja wa kwetu aliandika kwamba nimezoea kudeka. Kaka yangu, kulala kwenye sofa la rafiki huku nikienda zamu za usiku sikuoni kuwa ni kudeka.

Wale mnaoniomba niwatafutie kazi kama yangu, naomba mnielewe: tangu Julai 22, 2025 waajiri wa hapa hawaruhusiwi kuajiri wahudumu wa wazee wapya kutoka ng'ambo. Yeyote anayewaahidi nafasi hiyo kwa kuwatoza fedha, mfungieni mlango.

Turudi kwenye sweta. Tuseme viza inaniruhusu. Sweta la mtu mzima la uzi wa DK hula takriban mita 1,200 za uzi, yaani gramu 500 hadi 600, na kwa mfumaji wa mwendo wa kawaida halipungui saa 40 za kazi. Kima cha chini cha mshahara kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea kilikuwa paundi 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025. Zidisheni wenyewe: saa 40 ni paundi 488 na senti, kabla ya kununua hata kibonge kimoja cha uzi. Dukani sweta la mashine linauzwa paundi 20. Nani atanipa 500? Na nikiliuza kwa 60, nitakuwa nimejilipa kwa saa chini ya kile ambacho sheria ya nchi hii inamkataza mwajiri yeyote kumlipa mtu, na ninakataa kujifanyia mwenyewe jambo ambalo ningemshitaki mwajiri akinifanyia.

Mtu akiniambia nitumie uzi wa bei nafuu, namwelewa, lakini bei ya uzi nayo ina kisa chake, na mtu wa korosho atakielewa upesi kuliko mtu mwingine yeyote. Mji huu wa Bradford ulitajirika kwa sufu. Kiwanda cha sufu cha tajiri Titus Salt kilichofunguliwa mwaka 1853 pale Saltaire bado kimesimama, na kijiji alichowajengea wafanyakazi wake kiliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, lakini mitambo ilizimwa mwaka 1986 na leo ndani yake kuna maduka na picha za sanaa. Wafugaji wa kondoo wa nchi hii wamepita katika miaka ambayo sufu ya kondoo mmoja haikulipa hata gharama ya kumnyoa, na mwaka 2020, wakati wa korona, wapo waliochoma sufu yao au kuifukia. Kibonge cha gramu 100 cha sufu hiyo hiyo, ikishachambuliwa, kusokotwa na kutiwa rangi, kinanigharimu karibu mshahara wa saa nzima. Mimi nimekulia katika mkoa ambao korosho ghafi inapakiwa melini kwenda India na Vietnam kubanguliwa, huku baadhi ya viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwetu vikigeuka maghala. Kwenye rafu za hapa nakuta korosho karanga imeandikwa jina la nchi nyingine. Kwa hiyo nikilipa bei ya uzi, najua fedha ile inakwenda kwa nani na haiendi kwa nani, na sipendi kuambiwa kwamba tatizo ni mimi kupenda vitu vya bei.

Kwa nini basi nafuma? Kazini kwetu yupo bibi mmoja ambaye hakumbuki majina ya wanawe. Ukimpa sindano na uzi, anapitisha uzi kwenye kidole cha shahada, anaanzisha vitanzi bila kuvitazama, na vyote vinatoka sawasawa, kimoja baada ya kingine. Yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kugeuza kisigino cha soksi. Nikikaa naye jioni zamu inapotulia, tukafuma bila maneno, naona nimepata kitu ambacho sikipati kwenye mshahara. Nyumbani pia, ninapotoka zamu ya usiku na usingizi umekataa, mikono ikishapata kazi kichwa kinatulia. Hayo ni yangu, simshauri mtu. Mwingine anatulia kwa kuswali, mwingine kwa kulala.

Masweta yenyewe huenda kwa watu. Najua mtasema Mtwara kuna joto, nani atavaa sweta, lakini aliyewahi kulala Newala mwezi Juni au Julai, ukungu ukiwa umetanda juu ya uwanda wa Makonde, hataniuliza swali hilo. Mwanangu yuko huko na bibi yake. Nilikuja baada ya Machi 11, 2024, tarehe ambayo kanuni ilibadilika na wahudumu wa wazee wakazuiwa kuja na watoto wao, na hilo sitalizungumza zaidi ya hapa.

Kifurushi cha mwisho nilikituma kwa posta, na fomu ya forodha ikanitaka niandike thamani, hata kama ni zawadi. Niliandika bei ya uzi. Kilipofika, ofisi iliyokipokea ikaona thamani ni ndogo mno, ikakadiria ya kwake, ikakokotoa ushuru na VAT ya asilimia 18 juu yake, na mama yangu akazungushwa kati ya madirisha kwa sweta la mtoto. Ningeandika paundi 488 wangesema nadanganya. Safari hii nitampa mtu anayerudi nyumbani, na ninawashauri wenye uwezo huo wafanye vivyo hivyo, ingawa wapo wanaoniambia vifurushi vyao havijawahi kuguswa.

Mgongo na kifua nimemaliza, na mikono bado. Mama, ukiiona video hii, usinipimie kwa shati la zamani, kwa kuwa mtoto amekua. Chukua futi ya fundi cherehani, mnyanyue mkono kidogo, pima kutoka kwapani hadi kwenye kifundo cha mkono, halafu zungushia futi kwenye kifundo chenyewe. Nitumie namba hizo mbili kabla ya Jumapili, maana anayesafiri anaondoka mwisho wa mwezi na mikono miwili ya sweta haifumwi kwa usiku mmoja.