Someni Barua Yote

Baba Askofu, wachungaji, wainjilisti, wanafunzi, na ninyi akina mama mliosafiri usiku kucha mkafikia moja kwa moja kwenye ibada ya asubuhi: Bwana Yesu asifiwe!

Wageni wameshatambulishwa, itifaki imezingatiwa, naomba niingie kwenye somo. Utambulisho wa leo umekwenda mrefu kuliko Neno la Mungu tulilosomewa, na hapo ndipo ninapotaka kuanzia. Nimelisema hili kila nilipopewa kipaza sauti katika mikutano ya namna hii, na wengine wenu mnaweza kunimalizia sentensi. Nitalisema tena. Chukueni ratiba mliyopewa getini. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa: mkutano wa mafundisho ya Biblia na huduma. Shukeni chini. Kuna kwaya, kuna salamu, kuna sadaka ya shukrani, kuna mnada, kuna picha ya pamoja na meza kuu. Biblia yenyewe imepewa mistari mitatu, isomwe na kijana aliyeombwa dakika ile ile akiwa anatafuta kiti.

Hapana, ndugu zangu. Hapa ni chuo kikuu cha kanisa. Mwinjilisti ametoka mtaa wa mbali, ameacha shamba wakati wa palizi, ameacha watu wake bila mtu wa kuwaongozea ibada Jumapili. Akirudi na daftari lenye vichwa vya mahubiri tu, tumemdhulumu.

Nehemia sura ya 8 mnaijua. Wengi mnaijua kwa aya ya 10 peke yake, furaha ya Bwana ni nguvu zenu, kwa sababu imechapwa kwenye fulana za kwaya. Pandeni juu kidogo. Watu wamekusanyika uwanjani mbele ya Lango la Maji, wanaume, wanawake, na kila aliyeweza kusikia na kufahamu. Ezra anasimama juu ya mimbari ya mti, anasoma tangu mapambazuko mpaka adhuhuri. Nusu siku nzima! Kisha Walawi wanapita kati ya watu wakiwafahamisha yaliyosomwa. Aya ya 7 inawataja kwa majina watu kumi na watatu waliofanya kazi hiyo, na mimi huwa nawalazimisha wanafunzi wangu wayasome yote, Yeshua, Bani, Sherebia, mpaka Pelaya, wasiyaruke. Kwa sababu Biblia imetunza majina ya watu ambao kazi yao siku ile ilikuwa kumweleza jirani maana. Na hiyo aya ya kwenye fulana iliambiwa watu waliokuwa wanalia. Walilia kwa sababu wameelewa. Sisi tunaimba furaha bila kupita kwenye kuelewa.

Sasa nije kwa Yeremia, na msinikimbize.

Yeremia 29:11 ipo kwenye kalenda za sharika, kwenye kadi za mahafali, nyuma ya daladala. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Ni andiko zuri mno, nalipenda, na ndiyo maana nakasirika likinyofolewa. Ile ni barua. Barua ina mwandishi, ina waliopelekewa, ina mtu aliyeibeba. Walioibeba ni Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, wajumbe wa mfalme Sedekia waliokuwa wanakwenda Babeli kwa Nebukadreza. Waliopelekewa ni watu waliong'olewa kwao kwa nguvu: mfalme Yekonia alishachukuliwa, na mama yake, na wakuu, na mafundi, na wafua chuma. Watu hao wanataka kusikia neno moja tu: lini tunarudi?

Mtu wa kuwapa jibu tamu alikuwapo. Fungueni sura ya 28, kurasa zimeshikana, hamkosi. Hanania mwana wa Azuri, nabii kutoka Gibeoni, anasimama ndani ya nyumba ya Bwana, mbele ya makuhani na watu wote, na kusema: Bwana wa majeshi, Mungu wa Israeli, asema hivi, miaka miwili tu na vyombo vyote vya nyumba ya Bwana vilivyopelekwa Babeli vitarudi, na mateka wote watarudi. Angalieni, maneno ya kufungulia ni yale yale anayotumia Yeremia. Mahali ni patakatifu. Watu wamejaa. Anachukua nira ya mti shingoni mwa Yeremia, ile aliyoivaa kuwa ishara kwamba watu watamtumikia mfalme wa Babeli, anaivunja wote wakiona. Kwa macho, huduma ya Hanania ndiyo iliyokuwa na nguvu siku ile. Yeremia anasema, "Amina", Bwana na afanye hivyo, kisha anaonya, kisha nira ikishavunjwa anakwenda zake. Hakupiga kelele. Baadaye Bwana akamrudisha na neno gumu: nira za mti zimevunjwa, zitakuja za chuma. Hanania alitabiri mwezi wa tano. Alikufa mwezi wa saba wa mwaka ule ule. Aliyeahidi miaka miwili hakumaliza hata miezi mitatu.

Ndipo inakuja barua ya sura ya 29, na inasema miaka sabini. Aya ya 10. Iko juu kabisa ya ile ya kalenda, zimegusana! Jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, ozesheni watoto wenu, utakieni amani mji ule mliopelekwa mateka, mkauombee kwa Bwana. Waombee mji wa Nebukadreza! Mawazo ya amani ya aya ya 11 yanakaa ndani ya hayo yote.

Ngoja niwaeleze nilichokiona katika mtaa mmoja, usharika wenyewe siutaji. Ilikuwa jumuiya ya jioni, nyumbani kwa mtu, taa ya sola imetundikwa kwenye msumari. Mwinjilisti alifika kwa baiskeli, Biblia ameifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua. Hakuhubiri. Alisoma sura ya 27, akampa kijana asome ya 28, akampa mama mmoja asome ya 29. Mama yule anasoma polepole, kidole kinafuata mstari, na hakuna aliyemharakisha. Walipomaliza, bibi mmoja aliyekaa kwenye mkeka akauliza: "Mwinjilisti, miaka sabini? Kwa hiyo mtu mzima aliyeipokea hii barua alifia huko huko?" Mwinjilisti akasema, "Ndiyo, bibi." Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Na hawakurudishwa kuzikwa kwao?"

Ndugu zangu, nimefundisha Yeremia kwa muda mrefu, na katika vitabu vya maktaba yetu hapa sijakutana na swali hilo limeulizwa hivyo. Ninyi mnajua kwetu maana ya kuzikwa nyumbani. Mnajua michango inayokusanywa ili mwili usafirishwe kutoka Dar es Salaam mpaka kijijini. Bibi aliisikia barua kama walivyoisikia wenyewe kule Babeli. Jumuiya nzima ikaanza kuzungumza: mwenye mtoto aliyekwenda Afrika Kusini na hajarudi, mwalimu aliyepangiwa kazi mkoa wa mbali na kila mwaka anaomba uhamisho, mwingine ambaye kaka yake amezikwa ugenini. Na swali likawa: je, Mungu anawawazia amani watu wa namna hiyo hata kama hawatarudi? Barua inasema ndiyo. Kwa watu watakaofia Babeli inasema ndiyo! Hiyo ni injili kubwa kuliko gari, kiwanja na visa.

Na hapo naona hatari yenyewe. Ukimpa mtu aya ya 11 bila sura ya 28, umemwacha mikononi mwa Hanania. Leo Hanania anasema ndani ya siku arobaini utafunguliwa, lete mbegu. Watu wameuza mashamba. Wagonjwa wameacha dawa za kisukari na shinikizo la damu kwa sababu mtu amesimama mahali patakatifu akasema, Bwana asema hivi. Tukiwauliza imekuwaje, wanatujibu kwa aya tulizowakaririsha sisi wenyewe kwenye vipindi vya watoto. Muumini aliyesoma sura tatu kwa mfululizo hauzi shamba kirahisi. Anamuuliza mhubiri: wewe na Hanania mnatofautianaje?

Najua mtakayoniambia. Mtaniambia, "Mwalimu, andiko huua, bali roho huhuisha." Fungueni 2 Wakorintho 3, msome kuanzia aya ya 3. Paulo anazungumzia agano lililochorwa kwenye vibao vya mawe na agano linaloandikwa mioyoni. Hazungumzii mchungaji aliyeandaa somo na mchungaji ambaye hakuandaa. Mwingine ataniambia Yesu alisema tusisumbuke tutakavyosema, tutapewa saa ile ile. Mathayo 10! Hao wameambiwa watapelekwa mabarazani na mbele ya maliwali. Ukikamatwa kwa ajili ya Kristo, ahadi hiyo ni yako, itumie. Jumapili unayoijua tangu Jumatatu, kaa chini usome. Na wa tatu atasema watu wetu wengine hawasomi vizuri. Ndiyo sababu Paulo anamwambia Timotheo afanye bidii katika kusoma, yaani kusoma mbele ya watu, kwa sauti, wasikie. Bibi wa mkekani hakushika Biblia jioni ile. Alisikiliza.

Mtu mwingine atasema haya ni ya wasomi, uamsho hauletwi na kusoma. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao babu na bibi zenu waliokoka ndani yake, wanahistoria wakiufuatilia wanafika Namirembe, Kampala, mwaka 1929. Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa Gahini kule Rwanda, walikaa pamoja siku mbili na Biblia zimefunguliwa, wakifuatilia maandiko na kuomba. Hakukuwa na jukwaa wala spika. Moto ule ulitoka huko ukavuka Rwanda, Burundi, Kenya, ukaingia Tanganyika.

Na kwa sisi tunaoendesha vyuo, kuna habari ya Mukono, Uganda, isiyotakiwa kusahaulika. Mwaka 1941, katika chuo cha Bishop Tucker, wanafunzi wa uchungaji waliokuwa wa uamsho, William Nagenda akiwa miongoni mwa viongozi wao, walikuwa wakiamka alfajiri kuomba na kuhubiri, wakiwakemea wenzao na walimu kwa dhambi na kwa mafundisho waliyoona yamepoa. Uongozi ukawakataza, wao wakaendelea. Ishirini na sita wakafukuzwa. Nagenda hakuwekewa mikono kuwa mchungaji maisha yake yote, na bado alihubiri nchi nyingi. Sisemi vijana wale walikuwa sahihi katika kila neno. Ulimi wao ulikuwa mkali, na mkuu wa chuo alikuwa na chuo cha kulinda. Lakini mahali pale pale leo ni Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, tangu 1997, na kila mkuu wa chuo cha kanisa ajiulize: wanafunzi wangu wakija kuniambia wana njaa ya Neno kuliko ninavyowapa, nitawatafutia chumba au nitawatafutia kanuni?

Vyuo hivi vilizaliwa na darasa la Biblia. Limuru ya leo, Chuo Kikuu cha St. Paul's, ilianza 1903 Frere Town, Mombasa, kwenye makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya waliookolewa utumwani. Makumira, chuo kikuu cha Walutheri wa Tanzania, ilianza Lwandai, Lushoto, mwaka 1947. Leo tuna sheria, tuna biashara, tuna ualimu, na ni vizuri, watoto wetu wasome. Lakini idara ya theolojia isiwe ile inayopewa chumba kilichobaki.

Mwenyekiti ananionesha saa. Nilikuwa na mengine, nayataja mbio. Namba za aya hazikuwekwa na mitume. Za Agano Jipya tunazozitumia zilichapwa na Robert Estienne mwaka 1551, kwa hiyo mkiziona msisimame kama mmefika kituo cha basi. Wafilipi 4:13 isomwe pamoja na aya ya 12, kushiba na kuona njaa. Akina mama wanaofundisha jumuiya waletwe kwenye mafunzo haya kama wanafunzi kamili, wasiletwe kama kamati ya chakula. Kuhusu simu: Biblia ya kwenye simu ni Biblia, ila kwenye vikundi tumieni ya karatasi, ili muone kilicho juu na kilicho chini ya andiko bila kutafuta. Na maktaba, jamani, mwinjilisti aruhusiwe kuazima kitabu akaondoka nacho hata kama hana kitambulisho cha mwanafunzi. Hilo nimeliandikia barua, na leo nalisema mbele ya Baba Askofu.

Nimeomba kamati, na wamekubali, kwamba kipindi cha salamu cha mchana kifutwe. Wenye salamu wazibandike ukutani pale nje. Baada ya chai mtagawanyika vikundi vya watu kumi na wawili, kila kikundi kiwe na mwinjilisti, mwanafunzi na mama mmoja angalau. Mtasoma Yeremia 27, 28 na 29 kwa sauti, mkipokezana. Wachungaji, ninyi mtakuwa wa mwisho kuzungumza. Mtu asieleze chochote kabla sura zote tatu hazijaisha. Kisha kila kikundi kiandike maswali, si majibu, na karatasi ziletwe kwangu ukumbini kabla ya chakula cha mchana. Kesho asubuhi tunaanza na hayo maswali, na kwaya zitaimba baada ya hapo.