"Mwezi Mmoja Tu": Likizo Iliyoongezwa kwa Vipande na Nyumba Zilizoilipia

Walimu wakuu, wenyeviti wa bodi za shule, wazazi wenzangu, hamjambo.

Habari za korona ya mwaka 2020 mnazijua, sitazirudia. Barakoa, kafyu, watoto nyumbani, yote yaliwapata. Nimekuja na jambo moja, lile lile ninalolishika kila ninapopewa nafasi ya kusema, na nitaendelea kulishika mpaka lisikike. Kufunga shule kulikuwa na sababu yake na sina ugomvi nako. Kilichozivuruga nyumba ni namna likizo ile ilivyorefushwa: kipande kwa kipande, mwezi baada ya mwezi, na kila kipande mzazi akiambiwa avumilie kidogo tu.

Tazameni tarehe. Hapa Kenya shule za kutwa zilifungwa Jumatatu tarehe 16 Machi 2020, za bweni zikamaliza kufunga Jumatano yake. Muhula wa pili ulikuwa uanze tarehe 4 Mei. Mwishoni mwa Aprili tukaongezewa mwezi, hadi tarehe 4 Juni. Juni ilipofika, tukaambiwa tungoje ratiba mpya, macho yakaelekezwa Septemba. Tarehe 7 Julai Waziri wa Elimu wa wakati huo, George Magoha, akatangaza kwamba mwaka mzima wa masomo umefutwa, tuonane Januari. Haya, watu wakajipanga kwa Januari. Kumbe Jumanne tarehe 6 Oktoba linatoka tangazo jingine: gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 warudi Jumatatu tarehe 12. Siku sita! Waliobaki wakarudi tarehe 4 Januari 2021. Hesabu kuanzia tarehe 16 Machi utapata wiki 42 kamili. Niambieni ni mzazi gani katika nchi hii aliyewahi kuambiwa wiki 42.

Mtu anayengoja mwezi mmoja hafanyi anayoyafanya mtu anayengoja miezi tisa. Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu yote, na naomba mnivumilie nipachambue polepole.

Chukueni nyumba moja ya Ganze, kule Kilifi, yenye watoto watatu wa shule ya msingi wanaokula mchana shuleni. Mgao wa chakula cha shule katika maeneo kame ni gramu 150 za nafaka, gramu 40 za jamii ya kunde na gramu 5 za mafuta kwa mtoto mmoja kwa siku. Kwa watoto watatu, siku tano, hiyo ni kilo mbili na robo za mahindi, gramu 600 za maharagwe, na mafuta kiasi cha vijiko vitano vya mezani. Mnaona ni kidogo? Shule ikifungwa, kidogo hicho kinahamia kwenye chungu cha mama, wiki hii na wiki ijayo. Kwa wiki nne ni kilo 9 za mahindi.

Sasa mama huyu ameambiwa ni mwezi mmoja. Anafanya nini? Anaenda dukani, anaandikiwa kwenye daftari. Kilo 9 zinakopesheka. Mwenye duka anamjua, na watoto watarudi shule mwezi ujao. Asiyekopesheka anafungua debe la mbegu. Ekari moja ya mahindi hutaka mbegu kiasi cha kilo 10, kwa hiyo chakula cha mchana cha mwezi mmoja cha watoto watatu ni karibu mbegu ya ekari nzima. Mwezi unakwisha, anaongezewa mwezi. Daftari la duka linaongezeka ukurasa. Anaongezewa tena.

Na huko nje mvua inanyesha! Masika ya Kilifi hushika Aprili na Mei. Mama huyu angeambiwa mwishoni mwa Machi kwamba watoto hawatarudi kabla ya Septemba, angepanda mistari minne mitano zaidi ya kunde. Kunde haikawii: baada ya mwezi hivi unachuma majani ya mboga, na baada ya miezi miwili hadi mitatu una punje za kutia sufuriani. Mikono ya kulima alikuwa nayo, watoto watatu wako nyumbani. Ardhi anayo. Alichokosa ni tarehe. Lile tangazo la Julai, ambalo hatimaye lilimwambia ukweli, lilimkuta mvua zimekwisha na deni limekomaa.

Huo ni upande wa chakula. Upande wa watoto wakubwa ni mzito zaidi, na huu hautibiki kwa masika yajayo.

Msichana wa kidato cha 2. Shangazi yuko Mombasa, ana jirani anayetafuta msaidizi wa kazi za nyumbani. "Ni mwezi mmoja tu, mwanangu, ukashike shike huko mpaka shule zifunguliwe." Mama hajamwachisha mtoto shule, angeulizwa hivyo angekasirika. Amemtuma kwa mwezi. Mshahara wa kwanza unaingia kwenye simu, deni la duka linapungua. Wa pili unaingia, baba anaacha kibarua cha mbali kwa sababu mgongo unamsumbua. Wa tatu unaingia, na sasa unga wa nyumba ile unanunuliwa kwa pesa za msichana. Mtoto akiitwa arudi darasani, nyumba haimpokei mwanafunzi tu, inapoteza mshahara. Atakayemrudisha lazima aseme unga wa Jumatatu utatoka wapi. Mkuu wa shule anapiga simu, mzazi anasema "atakuja, mwalimu, wiki ijayo," naye anaamini anachosema.

Mvulana naye ni hivyo hivyo. Anapewa pikipiki ya mtu kwa hesabu ya siku: jioni anapeleka kiasi walichokubaliana, kinachozidi ni chake. Akishaonja pesa ya kila jioni, na mdogo wake akishazoea kununuliwa viatu na kaka, umemtoa darasani bila mtu yeyote kukata shauri la kumtoa. Ninalirudia hili kwa sababu kuna watu wanaosimama na kulaumu wazazi, kwamba hawathamini elimu. Tangu lini? Mzazi alifanya uamuzi wa mwezi mmoja uliofaa kwa mwezi mmoja. Sisi tukaurefusha mara tatu bila kumpa nafasi ya kuufikiri upya.

Najua jibu mlilonalo mdomoni. "Nani angejua? Ugonjwa ulikuwa mpya, hata madaktari walikuwa gizani." Nalisikia kila mara na halinitoshi. Sikumtaka mtu atabiri shule zitafunguliwa lini. Kuna tarehe nyingine ambayo haihitaji utabiri: tarehe ambayo kabla yake hakuna shule itakayofunguliwa. Mwishoni mwa Aprili, maambukizi yakiwa bado yanapanda, nani aliamini kwa moyo wake kwamba tarehe 4 Juni mabweni yatajaa? Kama hakuna aliyeamini, kwa nini mama wa Ganze aliachwa aamini?

Majirani zetu nao walipitia hapo hapo. Tanzania ilifunga tarehe 17 Machi 2020 kwa siku 30, kisha muda ukaachwa wazi hadi itangazwe tena. Ikafungua vyuo na kidato cha 6 tarehe 1 Juni na shule zote tarehe 29 Juni, kwa tangazo la siku 13 kabla. Sizungumzii hapa walivyoukabili ugonjwa wenyewe, huo ni mjadala mwingine na una watu wake. Uganda ndiyo inayoumiza zaidi. Baada ya kufunga mwaka 2020 na kurudisha madarasa kidogo kidogo, walifunga tena tarehe 7 Juni 2021. Walitangaza siku 42. Shule zikafunguliwa tarehe 10 Januari 2022. Wiki 6 zilizotangazwa zikawa wiki 31. Fikirieni yule msichana wa kazi za nyumbani, aliyetumwa kwa wiki 6, yuko wapi kufikia wiki ya 31.

Na msinitulize kwamba janga limepita. Mafuriko yetu ya 2024 hapa Kenya mmeyasahau? Muhula ulikuwa uanze Jumatatu tarehe 29 Aprili. Tangazo la kuahirisha likatoka alfajiri ya siku ile ile, watoto wengine wamekwishapanda magari, masanduku yako juu ya keria. Ikawa tarehe 6 Mei. Kabla ya tarehe 6 ikawa mpaka itakapotangazwa. Kisha tarehe 13 Mei. Wiki mbili tu, lakini ugonjwa wa matangazo ni ule ule, na hauna virusi.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki, na kila ofisi inayofunga shule inaweza kukifanya hata ikiwa gizani. Tangazo la kufunga liwe na tarehe ambayo kabla yake hakuna kufungua. Liwe na tarehe ya kukaa na kuamua tena, mzazi ajue ni siku gani atasikia neno. Na liwe na ahadi kwamba uamuzi wa kufungua ukitoka, mtoto hatatakiwa darasani kabla ya siku 21.

Kwa nini 21? Watu hudhani nimeiokota. Mnada wa mbuzi sehemu nyingi ni mara moja kwa wiki. Ukimpa mzazi siku sita, ana mnada mmoja, na kwenye mnada huo wazazi wote wa tarafa wamekuja na mbuzi, na wanunuzi wanajua kwa nini wamekuja. Bei inaanguka. Mbuzi aliyekuwa atoshe karo anatosha sare. Siku 21 ni minada mitatu: wa kwanza unakwenda kuuliza bei, wa pili unauza, wa tatu ni wa yule ambaye mbuzi wake hakununuliwa. Halafu kuna sare. Mtoto wa miaka 13 aliyekaa nyumbani wiki 42 hana sare tena; suruali inaishia juu ya kifundo, kiatu hakimwingii. Fundi wa soko akiletewa sare za mtaa mzima kwa siku sita, anachukua malipo ya kwanza ya kila mtu na kumaliza za wachache. Na yule aliye Mombasa anahitaji kumwarifu tajiri wake, amalize mwezi wake, alipwe. Akiondoka katikati ya mwezi, mara nyingi mshahara unabaki huko, na huo ndio ungelipa nauli.

Hapa nimekaa sana, najua, na mwenye saa ananitazama. Nipite haraka kwenye mengine.

Karo. Likizo ile ililipwa baadaye, na waliolipa ni wazazi. Ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, 2021, ziliingia mihula minne: ule wa Januari hadi Machi, wa Mei hadi Julai, mwaka mpya ukaanza tarehe 26 Julai, na mwingine Oktoba hadi Desemba. Kalenda haikukaa sawa mpaka Januari 2023. Mkulima anavuna msimu mmoja au miwili, hana misimu minne. Bodi zilizokubali karo kwa mafungu, kila fungu likifuata mavuno, zilibaki na wanafunzi. Zilizofukuza Jumatatu ya kwanza zilimaliza kazi ambayo likizo ilikuwa imeianza.

Masomo ya redioni na kwenye simu. Kipindi cha redio ni cha darasa moja, nyumba ina madarasa matatu na redio moja. Simu inaondoka na baba saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku, haina bando wala chaji. Ikibidi tena, chapeni karatasi za maswali, zigawiwe siku ya gulio, zikusanywe gulio lijalo. Haina sifa lakini inafika.

Walimu wa shule za binafsi na wale walioajiriwa na bodi, ambao mshahara wao ulikatika siku ile ile lango lilipofungwa: hilo linahitaji kikao chake, silitendei haki kwa dakika mbili. Nitaliacha.

Jambo la mwisho ni kwa wakuu wa shule mliopo, kwa sababu hili halingoji wizara. Shule zikifungwa kwa dharura yoyote, daftari la mahudhurio la siku ya kufunga lifungiwe kabatini lilivyo. Wengi hufungua muhula kwa daftari jipya na kuandika majina ya waliofika, na hapo aliyepotea anakuwa hajawahi kuwepo. Wiki ya pili ya likizo, pigieni nyumba zote za wanafunzi wakubwa simu moja fupi: mtoto yuko wapi, kwa nani, na ataendelea kulala hapo hadi lini. Andikeni jina la mwenyeji na namba yake kando ya jina la mtoto. Baada ya miezi mitatu mzazi mwenyewe huenda hana namba hiyo, tajiri amehama, laini imebadilishwa. Shule ikifunguliwa, asiyeonekana kufikia Ijumaa ya kwanza, mzee wa mtaa na mwakilishi wa wazazi waende nyumbani kwao Jumamosi. Waende na barua ya bodi inayosema fungu la kwanza la karo linangoja mavuno, maana bila barua hiyo mtapewa chai na kuambiwa wiki ijayo. Msichana aliyepata mimba au aliyejifungua, sera ya nchi inamruhusu kurudi, na barua iseme hivyo wazi, kwa jina lake.

Maswali nitayapokea nje, chini ya mwembe.