Galaksi ndogo zinazojipanga kama sahani

MTANGAZAJI 1: Karibuni, wasikilizaji. Mwezi wa Desemba, mnamo saa tatu za usiku, mtu aliye mbali na taa za Dar es Salaam akitazama kusini huona vidoa viwili hafifu ambavyo havisogezwi na upepo. Hayo ndiyo Mawingu ya Magellan, galaksi mbili zinazoandamana na galaksi yetu ya Njia Nyeupe. Dada, hizi galaksi satelaiti zimeizunguka Njia Nyeupe pande zote, mithili ya nyuki na mzinga wao?

MTANGAZAJI 2: Ndivyo ungetarajia, kaka, kwa sababu inaaminika kwamba kila galaksi kubwa imefunikwa na wingu pana la maada ya giza, yaani maada isiyoonekana inayojulikana kwa mvutano wake tu, ambalo galaksi ndogo huvutwa ndani yake kutoka pande mbalimbali. Hata hivyo, mwaka 1976 mwanafalaki Donald Lynden-Bell aliona kwamba satelaiti zilizojulikana wakati huo, yakiwemo Mawingu ya Magellan, zimejipanga karibu na duara moja kubwa angani, na kwamba duara hilo limesimama wima juu ya sahani ya Njia Nyeupe, yaani sehemu bapa yenye nyota zake nyingi, badala ya kulala nayo.

MTANGAZAJI 1: Lakini vumbi la sahani yetu wenyewe huzuia macho. Je, haiwezekani kwamba tunaziona zilizo juu na chini tu, kwa kuwa zile za pembeni zimefichwa?

MTANGAZAJI 2: Hoja hiyo ni ya haki, na kwa Njia Nyeupe haijaisha makali. Ndiyo sababu napenda zaidi mfano wa Andromeda, galaksi iliyo umbali wa takriban miakanuru milioni 2.5 (mwakanuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), ambayo tunaitazama kutoka nje. Mwaka 2013 Rodrigo Ibata na wenzake walionyesha kwamba kati ya satelaiti zake 27 walizozichunguza, 15 zimo katika bapa lenye upana wa zaidi ya miakanuru milioni moja lakini jembamba mno. Bapa hilo tunaliona karibu kwa ubavu, na mwendo wa satelaiti 13 kati ya hizo 15 unaonyesha kwamba zinazunguka upande mmoja.

MTANGAZAJI 1: Kwa hiyo mwendo ni ushahidi mzito kuliko mahali.

MTANGAZAJI 2: Mzito zaidi, naam, kwa sababu vitu vinaweza kukutana mahali pamoja kwa bahati, kama abiria kituoni, ilhali safari zao ni tofauti. Mwaka 2018 Oliver Müller na wenzake walikuta hali inayofanana kwenye galaksi ya Centaurus A, ambako satelaiti 14 kati ya 16 zilifuata mzunguko mmoja.

MTANGAZAJI 1: Nimesoma pia kwamba mwanafalaki Till Sawala na wenzake walilipinga bapa la satelaiti za Njia Nyeupe.

MTANGAZAJI 2: Walitumia vipimo vya Gaia, chombo cha angani kilichopima mahali na mwendo wa nyota, kurudisha nyuma na kupeleka mbele njia za satelaiti 11 zinazong’aa zaidi, wakaona kwamba bapa hilo litatawanyika. Sehemu kubwa ya wembamba wake inatokana na satelaiti mbili, Leo I na Leo II, ambazo ziko mbali sana na kwa sasa zimejikuta karibu na bapa hilo hilo. Kwa maoni yangu hoja yao ina nguvu kwa galaksi yetu, ila haiondoi fumbo la Andromeda.

MTANGAZAJI 1: Ambayo, nasikia, ina kioja kingine.

MTANGAZAJI 2: Ndiyo, na kwangu hicho ndicho kigumu zaidi. Satelaiti zake nyingi zimeelemea upande unaotuelekea sisi, kana kwamba zimeinamia dirisha kuchungulia nje. Upande wa mbali hauna vumbi la kutosha kuzificha nyingi hivyo, na katika miigo ya kompyuta inayoonyesha jinsi galaksi zinavyoundwa ni nadra kukuta galaksi iliyoelemea upande mmoja kiasi hicho.